Sania Mirza na mkono uliomlazimisha kuchagua

Habari za Sania Mirza, mchezaji tenisi wa India, karibu zote huanza na hesabu ya makombe. Sita ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi: matatu ya wanawake wawili wawili na matatu ya mchanganyiko, mwanamke na mwanamume kwa jozi. Mataji 43 ya wawili wawili ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake. Wiki 91 akiwa namba moja duniani kwenye mchezo huo wa wawili wawili. Hesabu hiyo ni ya kweli na kila kombe amelitolea jasho. Ila mimi niliishi mjini kwao, Hyderabad, wakati jina lake linapanda, na leo nafundisha tenisi watoto wa kike hapa Dar es Salaam, na kinachonirudia kichwani nikiingia uwanjani si makombe. Ni uamuzi wake wa mwaka 2013, akiwa na miaka 26, wa kuacha kabisa mchezo wa mmoja mmoja, ule ambao watu wengi huuona ndio tenisi yenyewe, akabaki na wawili wawili.

Wengi waliuhesabu uamuzi ule kuwa ndio mwisho wake. Kwangu mimi ndipo kazi yake kubwa ilipoanzia.

Nilikwenda India kusomea biashara, kama Watanzania wengi wa miaka ile tuliovutwa na ada iliyolipika. Hyderabad ni mji wa Kiurdu na Kitelugu, wa misikiti na mahekalu, na biriani yake hubishaniwa mtaa kwa mtaa. Mimi wa Tanga nilipoisikia adhana alfajiri ya kwanza sikujiona mbali sana na nyumbani. Hosteli yetu ya wasichana ilikuwa na televisheni moja, na televisheni ile ilikuwa mali ya kriketi na tamthilia. Ukitaka kitu kingine, subiri.

Januari 2005 haikusubiri mtu. Msichana wa mji uleule, miaka 18, alikuwa amefika raundi ya tatu ya Australian Open, mahali ambapo hakuna mwanamke wa Kihindi aliyewahi kufika katika Grand Slam yoyote ya mmoja mmoja, na aliyemsubiri ni Serena Williams. Alifungwa gemu 6–1 seti ya kwanza na 6–4 seti ya pili. Matroni wetu, mama wa makamo tuliyemwita anti, hakuwa anajua pointi za tenisi zinahesabiwaje, lakini kwa siku kadhaa alikuwa anazungumzia seti ya pili tu. Gemu nne kwa Serena! Muuza chai wa nje ya geti naye alikuwa nazo gemu zake nne mdomoni.

Mwezi uliofuata Hyderabad ikaandaa mashindano ya WTA. Siku moja ya wiki ile nilipata tiketi, na hapo ndipo nilipouona mkono wake kwa karibu. Nilikuwa nimecheza tenisi kidogo nyumbani, kiasi cha kujua ninachokitazama. Mpira ukimjia upande wa kulia, hakuwa na haja ya kuvuta raketi mbali nyuma. Aliivuta kidogo, bega likazunguka, kisha mwisho kabisa kifundo cha mkono kikafyatuka kama manati. Mlio wake ulikuwa tofauti na wa wengine wote niliowatazama siku ile, mkavu na mfupi, na mpira ulipita karibu mno na wavu bila kupinda. Fohendi ile, yaani pigo la upande wa mkono wake wa raketi, ndiyo iliyombeba mpaka fainali, akamfunga Alona Bondarenko wa Ukraine 6–4, 5–7, 6–3, akawa mwanamke wa kwanza wa India kutwaa taji la WTA la mmoja mmoja. Usiku ule fataki zilipigwa hadi tukakosa usingizi.

Mwaka ule ulikwenda kasi. Machi, Dubai, alimfunga Svetlana Kuznetsova aliyekuwa bingwa wa US Open. Septemba, kwenye US Open yenyewe, New York, alifika raundi ya nne kabla ya kusimamishwa na Maria Sharapova. WTA ikamchagua mchezaji mpya bora wa mwaka. Wasichana wa chuo walianza kuvaa vipini kama chake.

Kabla yake walikuwapo wengine, na sipendi wanavyorukwa. Leela Row alishinda mechi Wimbledon mwaka 1934, India ikiwa bado koloni la Waingereza. Nirupama Vaidyanathan, wa Coimbatore, alishinda mechi ya raundi ya kwanza Australian Open mwaka 1998. Kila mmoja alisogeza mlango kidogo. Sania aliusukuma kwa bega lote, akakuta upande wa pili hakuna mtu wa kwao wa kumwonyesha njia.

Ukisikiliza anavyosimulia utoto wake, utaona hata mlango wenyewe haukuwa karibu. Alianza akiwa na miaka sita, na kocha wa kwanza alimkataa kwa udogo wake, mama yake akashikilia mpaka akakubaliwa. Baba yake, Imran, aliyekuwa mwandishi wa habari za michezo, akageuka kuwa kocha wake. Amesimulia pia kwamba viwanja alivyoanzia vilikuwa vya kupakwa kinyesi cha ng'ombe, na kwamba ndugu na majirani waliwaonya wazazi wake: mtoto atakuwa mweusi kwa jua, nani atamwoa?

Hilo la jua nitalirudia, maana nimelisikia Kariakoo na nimelisikia Tanga kwa maneno yaleyale.

Agosti 2007 alifika nafasi ya 27 duniani. Hakuna mwanamke wa Kihindi aliyewahi kupanda hivyo. Lakini fohendi ile ilikuwa inadai malipo. Mpigaji anayetegemea kifundo cha mkono kwa kila mpira, mamia ya mara kwa siku, siku baada ya siku kwenye sakafu ngumu, anakitumia kiungo kidogo kufanya kazi ya mwili mzima. Kilimwuma, 2008 akafanyiwa upasuaji, akaenda Olimpiki ya Beijing akashindwa kumaliza mechi yake ya kwanza kwa maumivu. Amewahi kueleza hadharani kwamba baada ya hapo aliingiwa na sonona, na kwamba kulikuwa na wakati hata kuchana nywele zake mwenyewe hakuweza.

Miezi michache baadaye, Januari 2009, alisimama Melbourne, kwenye Australian Open, na Mhindi mwenzake Mahesh Bhupathi wakatwaa kombe la mchanganyiko. Kombe lake la kwanza la Grand Slam akiwa mtu mzima lilikuja baada ya mkono kukataa, na lilikuja akiwa na mwenzake kando yake. Watu walilichukulia kama faraja tu, kitu cha kumtuliza wakati anasubiri kurudi kwenye mchezo "wenyewe". Alirudi kweli kwenye mmoja mmoja kwa miaka kadhaa. Magoti nayo yakapasuliwa. Ndipo 2013 akasema basi.

Hapa naandika kama mwalimu, lakini pia kama mtu ambaye bega lake la kulia liligoma nikiwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nimerudi Dar, nafanya kazi ofisini, jioni niko uwanjani, na nilikuwa mmoja wa wanawake wachache wa klabu yetu waliokuwa wakishindana kwa dhati. Daktari aliniambia kuanzisha mpira kwa nguvu kama nilivyozoea hakutawezekana tena. Nilikaa wiki nyingi bila kugusa raketi. Nyumbani walinionea huruma ya aina ile inayomaanisha kwamba mambo ya utoto sasa yameisha. Aliyenirudisha uwanjani ni mzee mmoja wa klabu aliyehitaji mtu wa kucheza naye wawili wawili Jumamosi. "Mwanangu, bega lako mbona lingali zima kwa kazi ya wavuni," aliniambia. Nikaenda. Na katika kumfuatilia Sania miaka ile ndipo nilipoanza kuelewa kilichokuwa kinanitokea.

Nieleze kwa vipimo, maana vipimo vina mengi. Uwanja wa mmoja mmoja una upana wa mita 8.23, na wote ni wako peke yako. Wa wawili wawili una mita 10.97, mnaugawana, kila mmoja anabaki na kama mita tano na nusu. Mtu mwenye magoti mabovu anapumua hapo. Ukianzisha mpira, mwenzako amesimama wavuni kama mlinzi, kwa hiyo mpira wa pili wa kuanzishia, uliokuwa udhaifu wa Sania miaka yote, hauadhibiwi kirahisi. Mpira mwingi unapigwa mshazari, na mshazari unapita katikati ya wavu, pale wavu unaposhuka mpaka sentimita 91, wakati kwenye nguzo unafika mita moja na sentimita saba. Mwenye fohendi ya chini na kali kama yake amepewa dirisha.

Yaani kila kilichokuwa kinamwangusha kwenye mmoja mmoja kilipunguziwa uzito, na silaha yake moja kubwa ikapewa nafasi ya kufanya kazi kila mara. Aliusikiliza mwili wake, akaupima mchezo, akachagua uwanja ambao vilivyobaki mkononi mwake vingetosha kumfikisha juu kabisa. Hiyo ni akili, tena akili ya ujasiri, kwa sababu fedha, kamera na sifa za tenisi ziko upande mwingine.

Wenzake wawili wa wawili wawili aliotwaa nao mataji, na hili hunifurahisha, walitoka bara letu. Taji lake la kwanza kabisa la WTA, la wawili wawili, alilipata 2004 hapohapo Hyderabad na Liezel Huber, mzaliwa wa Durban. Mwaka 2014 alimaliza msimu Singapore kwa kutwaa Fainali za WTA na Cara Black wa Zimbabwe, ambaye yeye na kaka zake wawili walilelewa kwenye viwanja vya majani ambavyo baba yao alivijenga shambani kwao nje ya Harare. Mtoto wa Hyderabad na mtoto wa Harare, juu ya dunia nzima. Sijui kwa nini habari hii haikupigiwa ngoma zaidi huku kwetu.

Machi 2015 akaungana na Martina Hingis wa Uswisi. Walishinda Indian Wells, wakashinda Miami, wakashinda Charleston, mashindano yao matatu ya kwanza pamoja, na tarehe 13 Aprili Sania akatangazwa namba moja duniani. Ukiwaangalia, mgawanyo wao wa kazi ulikuwa wazi kama wa wapishi wawili wa shughuli. Sania alisimama kulia, fohendi yake ikifunika ukingo wa nje. Hingis alisimama kushoto na bekhendi yake, pigo la upande wa pili, isiyokosea. Sania anapiga mpira mzito, mpinzani anaunyanyua kwa shida, na kabla haujashuka Hingis ameshauua wavuni kwa mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuona. Hakuna aliyejaribu kufanya kazi ya mwenzake.

Fainali ya Wimbledon ya mwaka ule nimeitazama mara nyingi na huwa nawaonyesha wanafunzi wangu wakubwa vipande vyake. Wapinzani walikuwa Ekaterina Makarova na Elena Vesnina wa Urusi. Sania na Hingis walipoteza seti ya kwanza 5–7, wakapata ya pili kwa gemu ya kuamua, na katika ya tatu walikuwa nyuma 2–5. Mtu mwingine angeanza kupanga mkoba. Nawaambia wanafunzi wasitazame mpira, watazame nafasi kati ya pointi na pointi. Wale wawili hawaachi kuzungumza. Mmoja akikosea, mwenzake anamfuata, wanagusana mikono, wanasemezana kwa mdomo umezibwa na mpira, wanarudi. Wakafika 5–5. Giza likawa limeingia, mechi ikasimamishwa, paa la Uwanja Mkuu likafungwa na taa zikawashwa. Waliporudi walichukua gemu mbili zilizobaki. Gemu tano mfululizo, na India ikapata kombe lake la kwanza la Grand Slam la wanawake wawili wawili.

Walichukua US Open mwaka huohuo, Australian Open 2016, na katika kipindi hicho wakacheza mechi 41 mfululizo bila kufungwa.

Nilipoanza kufundisha watoto, niliyoyaona kwao yaligeuka kuwa njia yangu ya kazi. Dar viwanja ni vichache na saa za uwanja ni ghali. Mwalimu wa kawaida humpanga mtoto mmoja kila upande, wengine wanasubiri pembeni wakichezea mchanga. Mimi huwaweka wanne ndani, mipira ya kijani isiyoruka kwa kasi, na tangu wiki za mwanzo wanacheza kwa jozi. Wazazi wengine hawakulipenda. Baba mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, sasa mtoto wangu atang'ara vipi akiwa amesimama na mwenzake?" Nilimwelewa. Ametoa nauli, amenunua viatu, anataka kumwona mtoto wake peke yake chini ya mwanga.

Mtoto wake ana miaka kumi na mbili. Ana fohendi ambayo sijapata kuiona kwa mtoto mwingine hapa, lakini miguu yake ni mizito na akikosa mara mbili anainama, anaanza kujisemesha. Ukimwacha peke yake uwanjani, gemu ya tatu ameshajihukumu. Nilimpanga na msichana mdogo kuliko yeye, mwembamba, mkimya, mwenye mikono ya haraka mno wavuni na asiyekuwa na nguvu ya kumaliza mpira kutoka nyuma. Wiki mbili za kwanza hawakusemezana. Kisha Jumamosi moja yule mkubwa akapiga mpira nje, akaanza kuinama kama kawaida yake, na yule mdogo akamfuata mpaka mstari wa nyuma, akamwambia kitu sikukisikia. Mkubwa akacheka. Mpira uliofuata aliupiga kwa nguvu ileile, hakupunguza, na mpinzani akaunyanyua, na mdogo akaukata wavuni kama anaua mbu. Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi. Hakusema lolote siku ile, ila hajaniuliza tena swali lile.

Kuhusu jua. Bibi wa mwanafunzi wangu mmoja alikuja kumchukua mjukuu wake, akanikuta nakusanya mipira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto mmemchoma. Tazama shingo. Hapa nani atakuja kuposa?"

Nilimwonyesha picha ya Sania kwenye simu. Nikamwambia huyu naye wazee wa kwao walisema hivyohivyo, bibi, naye aliolewa na ana mtoto na amezunguka dunia yote. Bibi akaitazama sana ile picha. Akauliza ni Muislamu. Nikamwambia ni Muislamu. Akanyoosha kidole kwenye sketi. "Na hiki?"

Swali hilo lina historia. Septemba ya mwaka ule wa 2005 nilikuwa bado Hyderabad wakati fatwa ya kulaani mavazi yake ilipotangazwa, na alipokwenda kucheza Kolkata alilindwa na polisi wengi. Msichana wa miaka 18! Hosteli yetu iligawanyika. Wenzangu wengine wa Kiislamu walisema anatutia aibu, wengine walilia kwa hasira kwa ajili yake. Nakumbuka anti alisema jambo moja tu, kwamba wanaume wa kriketi hakuna anayewapima nguo kwa sentimita. Sania hakujitenga na dini yake wala hakuacha kucheza. Wimbledon ya mwaka ule alikuwa ameonekana amevaa fulana yenye maandishi kwamba wanawake watulivu ni nadra kuandikwa katika historia, na nadhani alijua fika anachokivaa.

Kwa bibi sikuanza mhadhara. Nilimweleza kwamba kwangu mtoto anavaa anachovaa nyumbani kwao: wapo wenye sketi, wapo wenye suruali ya kubana, mikono mirefu na hijabu, na hakuna sheria ya mchezo inayowakataza. Mjukuu wake anacheza na hijabu, na hakuna mtoto anayekimbia zaidi yake. Naamini kabisa kwamba mjadala wa nguo umewanyima wasichana wetu wa pwani michezo mingi kuliko umaskini ulivyowanyima, na mwalimu anayetaka kuwabakiza uwanjani hana budi kuzungumza na bibi zao kwa heshima, si kuwapita.

Kuna mawili mengine ya Sania ambayo huwasimulia wasichana wakifika umri wa kuelewa. La kwanza ni la 2012, kabla ya Olimpiki ya London. Wachezaji wa kiume wa India waligombana nani acheze na nani, na katika kuwapatanisha Sania akapangiwa mwenzake. Hakukaa kimya. Alitoa tamko la maandishi kwamba ametumiwa kama chambo cha kumtuliza mwanaume mmoja aliyeudhika, na kwamba huo ni udhalilishaji kwa mchezaji wa hadhi yake. Kisha akaenda London akacheza, kwa ajili ya nchi yake.

La pili ni la 2016. Yupo namba moja duniani, anahojiwa kwenye televisheni ya kwao, na mtangazaji mashuhuri anamuuliza lini atatulia, azae, awe na familia. Akamjibu kwamba inaonekana amesikitika kwamba yeye amechagua kuwa namba moja badala ya kuwa mama, na kwamba ni swali wanawake wote hukutana nalo. Mtangazaji aliomba radhi palepale hewani. Nikiwaonyesha wasichana kipande kile, huwa wanataka kukiona tena. Kinachonishika mimi ni sauti yake: haikupanda hata kidogo.

Alijifungua mtoto wa kiume Oktoba 2018. Alipunguza zaidi ya kilo ishirini, na Januari 2020, kwenye mashindano yake ya kwanza baada ya kurudi, akatwaa taji la Hobart na Nadiia Kichenok wa Ukraine. Kwa mama zetu hapa klabuni, ambao wengi waliweka raketi chini na mimba ya kwanza na hawakuzishika tena, taji lile dogo lilifanya kazi kuliko Wimbledon. Wawili walinipigia simu wiki ileile kuuliza saa za mazoezi ya jioni.

Alimaliza 2023. Melbourne, Januari, alifika fainali ya mchanganyiko na Mhindi mwenzake Rohan Bopanna wakafungwa na Wabrazili Luisa Stefani na Rafael Matos, mtoto wake akiwa jukwaani. Aliposhika kipaza sauti alilia, akakumbusha kwamba kazi yake ilianzia Melbourne, 2005, na Serena. Mwezi uliofuata akaaga Dubai.

Na hapa kuna jambo linaloniumiza. Mpaka anastaafu, hakukuwa na mwanamke mwingine wa Kihindi aliyewahi kuingia katika 100 bora duniani kwa mchezo wa mmoja mmoja. Nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Alifungua chuo chake cha tenisi nje kidogo ya Hyderabad mwaka 2013, mwaka uleule aliobadili mchezo, na nadhani alikuwa ameshaona kwamba kuwa wa kwanza kunaweza kugeuka kuwa peke yake. Sisi Afrika Mashariki tusijidanganye kwamba tuko tofauti. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alitwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Ni kombe lilelile ambalo Sania alilitwaa 2003 akiwa na miaka 16, na Alisa Kleybanova wa Urusi. Nilipiga vigelegele sebuleni peke yangu. Lakini swali langu la siku ya pili lilikuwa: nyuma ya Angella wako wangapi, na wanacheza wapi, na nani anawalipia mipira?

Jozi yangu, yule wa fohendi na yule wa mikono ya haraka, watacheza mashindano ya vijana likizo ya Desemba. Mdogo bado anatumia raketi ya mtu mzima, ya inchi 27, aliyorithi kwa mjomba wake, na kwa mwili wake ni nzito mno. Nikimwangalia anavyoipigia, nakiangalia kifundo chake na sipendi ninachokiona. Anahitaji ya inchi 25. Zinazofika madukani hapa ni za kuchezea ufukweni au ni za bei ya mshahara. Kama unayo iliyokaa stoo, mtoto wako alishakua, hata waya zikiwa zimekatika usiitupe. Waya nitafunga mwenyewe.